Vitz inayogoma kukata kona: kazi ipo nyuma, ila usianze na stabilaiza

Mkuu, nimekusoma. Una Vitz RS ya 1.5, unaiingiza kwenye mashindano ya wikiendi, na ukikata kona kwa kasi pua inakimbilia nje, unazidi kuzungusha usukani na gari haijali. Fundi wako kakwambia funga stabilaiza (ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi za kushoto na kulia ili gari isilale kwenye kona) nene nyuma, tatizo kwisha. Mimi naendesha gari ya aina hiyohiyo kwenye autokrosi (mbio za kushindana na saa uwanjani) hapa Nairobi, zaidi kwenye vumbi la Jamhuri Park na mara chache kwenye lami. Fundi wako hajakosea, ila kuna mambo ya bei rahisi kayaruka.

Kwanza tuelewane kwa nini dawa ya mbele inatafutwa nyuma. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa gari hii umekaa mbele, na tairi hizohizo za mbele ndizo zinavuta, zinakata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Tairi ukiiongezea mzigo inashika zaidi, lakini mshiko hauongezeki sawasawa na mzigo. Ndiyo maana tairi mbili zilizogawana mzigo sawa hushika kuliko mbili ambazo moja imelemewa na nyingine inaelea. Kwenye kona mzigo lazima uhamie upande wa nje, hilo huna namna ya kulizuia. Unachoweza kuchagua ni ekseli gani ibebe sehemu kubwa ya uhamisho huo. Ukiikaza nyuma isilale, nyuma inaubeba, na tairi ya mbele ya ndani inabaki na uzito wake, inauma ardhi. Nyuma unapoteza mshiko kidogo, na kwa gari inayovuta mbele hiyo hasara ni ya kupokea kwa mikono miwili.

Sasa, pua inatoka sehemu gani ya kona? Ikitoka mwanzoni kabisa, wakati bado unafunga breki, mara nyingi umeingia na kasi kubwa au shokomzoba zimekufa. Ikitoka katikati, mguu umetulia na gari inazunguka yenyewe, hapo ndipo nyuma inapohusika moja kwa moja. Ikitoka mwishoni unapokanyaga mafuta na unasikia tairi ya mbele ya ndani inazunguka bure, hilo ni suala la difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za mbele) na mguu wako, na stabilaiza ya nyuma itasaidia nusu tu. Mwambie mtu akurekodi kwa simu akiwa amesimama upande wa ndani wa kona, mahali salama. Video ya sekunde tano inamaliza ubishi wa gereji nzima.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari. Nyuma ya Vitz haina mikono huru kila upande. Kuna bimu moja inayounganisha mikono miwili, na mikono hiyo imeshikwa kwenye bodi kwa bushi mbili tu za raba upande wa mbele. Bimu yenyewe imeachwa wazi upande mmoja ili ijipinde gari inapolala, kwa hiyo tayari inafanya kazi ya stabilaiza. Bushi zikichoka, bimu nzima inajipinda kidogo kwenye kona na tairi za nyuma zinaelekea nje ya kona. Dereva anaisikia hivi: mwanzo nyuma inachelewa, halafu inachomoka ghafla. Ukifunga stabilaiza nene juu ya bushi za namna hiyo umejitengenezea gari ya kukutupa majanini.

Ingiza wenzo kati ya mkono wa bimu na bodi, sukuma mbele na nyuma, angalia kama raba imepasuka au imeachana na chuma. Na ukibadilisha, simamia mwenyewe kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawakifanyi: boti za bushi zisikazwe gari ikiwa imening'inia kwenye jeki. Ziache zimelegea, shusha gari ikae kwa uzito wake (au inua bimu kwa jeki hadi urefu wa kawaida, bodi ikiwa juu ya stendi), ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejisokota muda wote gari ikiwa chini, na itachanika mapema kuliko unavyodhani. Niliwahi kuona bushi mpya kabisa zimechanika kwa sababu hiyo, na mwenye gari analaumu duka.

Bushi na shokomzoba zikiwa nzima, nenda kwenye upepo. Hakuna marekebisho ya bei rahisi kuliko haya. Kwenye lami anza na psi 32 pande zote, kisha panda nyuma mbilimbili: 34, 36, 38. Usiguse kitu kingine katikati, maana utashindwa kujua kipi kimeleta tofauti. Chora mistari ya choki begani mwa kila tairi kabla ya kuingia uwanjani. Choki ikifutika hadi ubavuni, tairi inalala sana, ongeza. Isipofika hata ukingo wa kukanyagia, umezidisha. Kuna watu wameshaondoa nusu ya tatizo hapa bila kutumia hata shilingi.

Ndipo tunafika kwenye stabilaiza. Ugumu wa chuma cha mviringo kisicho na uwazi ndani unapanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka milimita 19 kwenda 22 kwa macho si kitu, lakini ugumu umeongezeka karibu asilimia 80. Kwa hiyo usinunue ya nene kuliko zote dukani. Chukua yenye matundu mawili au matatu ya kufungia ili uweze kurudi nyuma, na uanze na tundu linaloifanya iwe laini.

Sasa sikia jambo ambalo wauza vipuri hawakwambii. Gari za mtindo huu kwenye kona kali huinua tairi ya nyuma ya ndani. Picha za Volkswagen Golf za mbio zikiwa kwa miguu mitatu umeziona. Watu wanashangilia, na kweli si hatari yenyewe kwa sababu tairi hiyo haivuti kitu. Lakini ikishakuwa hewani, ekseli ya nyuma imemaliza kuhamisha mzigo wote iliokuwa nao. Haina zaidi ya kutoa. Ukiongeza unene wa stabilaiza baada ya hapo, unachopata ni tairi kuinuka mapema zaidi, na kinachobaki kinarudi kuelemea mbele. Kwa hiyo tazama ile video. Kama tairi ya ndani tayari inaacha ardhi na pua bado inatoka, acha nyuma. Hela yako ipeleke mbele: tairi bora, na tairi za mbele zilalie ndani kidogo juu ili bega la nje lisiliwe.

Kuhusu mwelekeo wa tairi za nyuma, bimu haina boti ya kurekebisha kama ilivyo mbele. Wanaotaka huweka vishimu (vipande vyembamba vya chuma) vya mshazari kati ya habu na bimu. Tairi za nyuma zikielekea nje kidogo, milimita moja au mbili kwa jumla, gari inageuka haraka sana kwenye viwanja vya koni. Weka kishimu kizima kinachofunika uso wote, si washa chini ya boti mbili, maana habu itakaa vibaya na boti zitalegea. Na kama gari hiyohiyo ndiyo inakupeleka kazini, acha kabisa. Mvua, barabara kuu, umeachia mafuta ghafla kwenye kona: mkia utakuja kukusalimia.

Kukata springi kwa grinda sitaki hata kujadili sana. Springi inakuwa ngumu kidogo, ndiyo, lakini gari inakaa juu ya raba za kuzuia springi isibonyee hadi mwisho kabla ya kona kuanza. Raba ikiguswa ugumu unaruka mara moja na nyuma inakatika. Na tairi ikining'inia springi fupi inaweza kutoka kwenye kikalio chake.

Yote hayo ni ya lami. Ukija kwenye vumbi na makorongo, geuza mawazo. Pale tairi inahitaji kushuka kufuata shimo, na nyuma ngumu inarukaruka badala ya kushika. Mimi stabilaiza ya ziada naifungua linki (viungo vinavyoishikisha) kabla ya Jamhuri, tairi za nyuma naziacha zielekee mbele sawasawa, na shokomzoba nzuri nazithamini kuliko vitu vyote vilivyotajwa hapa. Kugeuza gari pale ni kazi ya miguu: unaachia mafuta uzito uje mbele, au mguu wa kushoto unagusa breki huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta. Erik Carlsson, dereva wa rali kutoka Sweden, alijulikana kwa mbinu hiyo ya mguu wa kushoto akiwa na Saab 96, gari ndogo inayovuta mbele kama yako. Alishinda rali ya Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, na mwaka 1964 akashika nafasi ya pili kwenye rali ya Safari ya Afrika Mashariki, huku huku kwetu. Nyuma ikianza kutoka usifunge breki, kanyaga mafuta, pua itaivuta gari inyooke.

Tuma picha ya hizo bushi, useme viwanja vyenu ni lami au vumbi na tairi unazotumia ni za saizi gani. Stabilaiza usilipie bado.