Bawa jekundu, si "bawa ya rangi ya nyekundu"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaunda ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, na kwa programu ya Inkscape ninachora karatasi za kukatia mapambo ya mabawa. Je, karatasi hiyo ni kiolezo au kielelezo? Kwa sasa ninachora Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya mwaka 1944, bawa ya rangi ya kijani yenye mistari ya rangi ya nyeupe na ya nyeusi.

JIBU: Marahaba. Ni kiolezo. Neno hili linatokana na kitenzi oleza, yaani kufuatisha umbo la kitu ili kupata kingine kinacholingana nacho, na ndivyo unavyofanya unapoilaza karatasi juu ya filamu ya kufunikia bawa na kupitisha wembe ukingoni mwake. Kielelezo kazi yake ni kueleza. Picha ya Spitfire unayoitazama wakati wa kuchora ndiyo kielelezo.

Lakini sentensi yako ya mwisho imenikera kuliko swali lenyewe. "Rangi ya nyeupe" ni nini? Nyeupe ni kivumishi, na kivumishi hakihitaji a-unganifu (yaani "ya", "la", "wa" na mengineyo) ili kikae na nomino yake. Hakuna asemaye "nyumba ya kubwa" wala "mtu wa mrefu", lakini rangi inapotajwa watu wazima, hata watangazaji wa redio, hupachika "ya" bila haya. Chanzo chake kinajulikana. Majina mengi ya rangi katika Kiswahili ni nomino, kama manjano na zambarau, na hayo yanadai a-unganifu: bawa la manjano, pete ya zambarau. Zenye mizizi ya kivumishi ni tatu, -eupe, -eusi na -ekundu, nazo ndizo zinazoonewa.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kuigandisha "nyekundu" kana kwamba haina upatanisho, hadi tunasikia "bawa nyekundu" na "mstari nyeusi". Chukua mistari hiyo unayoichora. Ndege za Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao katika Vita vya Pili vya Dunia, zilipakwa mistari hiyo Juni 1944, kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, ili askari wa upande wao wasizishambulie: mistari mitano kwa kila bawa, mitatu myeupe na miwili myeusi, ikipishana, kila mmoja ukiwa na upana wa inchi 18 kwa ndege ya injini moja. Kwa kipimo cha 1:6 kila mstari unakuwa na takribani milimita 76, na yote mitano milimita 381, upana unaozidi urefu wa karatasi ya A4, kwa hiyo kiolezo kitachapishwa katika karatasi mbili za kuunganisha. Katika kazi kama hiyo upatanisho unakusaidia. Ukiliita tabaka moja la mchoro wako "nyeusi", fundi mwenzako hajui unazungumzia nini. Ukiandika "mweusi" anajua ni mstari, ukiandika "jeusi" anajua ni bawa, na "cheusi" kitakuwa kiolezo chenyewe. Silabi moja imebeba habari yote hiyo, nasi tunaitupa kwa uvivu!

Andika basi: bawa la kijani lenye mistari myeupe na myeusi. Tena ni "bawa la", si "bawa ya", kwa kuwa wingi wake ni mabawa. Anayependa "bawa la rangi nyekundu" simkatazi, ingawa "bawa jekundu" ni fupi na linapendeza zaidi. Orodha ya rangi ndani ya programu nayo inaweza kusema "Nyekundu" peke yake, maana neno rangi linaeleweka hapo.

Imebaki alama ya duara iliyo juu ya bawa la Spitfire ya wakati huo. Pete yake ni ya bluu, na hapo a-unganifu ni halali. Ukipendelea tahajia ya buluu, sina ugomvi nawe. Kitovu chake ni chekundu.