Daftari la nasaba kulituma kwenye grupu la ukoo

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Naishi Maskati, asili yetu Unguja. Marehemu babu aliacha daftari la nasaba. Nimelipiga chapa na kuongeza jamaa wa Dar es Salaam, Dubai na Uingereza, nataka kulituma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Ami yangu anakataza, kwa kuwa mama yake babu ameandikwa jina moja tu, bila ya baba, na pembeni "suria". Pia kuna mtoto wa shangazi ambaye baba yake hatajwi. Binamu wa London naye anataka tupime vinasaba tuhakikishe. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salam warahmatullah. Mwanangu, kazi hiyo ni ya kheri. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Tirmidhi: "Jifunzeni katika nasaba zenu kile mtakachoungia udugu wenu." Ukoo uliotawanyika tangu mapinduzi ya Unguja ya 1964, watoto wa ndugu wawili wakikutana harusini wanaulizana "wewe wa nani?", utaungwaje bila ya daftari kama hilo? Kulituma ni halali, na kwa nia hiyo lina thawabu.

Ami yako namheshimu, lakini katika suala la mama yake babu siko naye. Mtoto wa suria, yaani mjakazi anayelala na bwana wake, baba yake akiwa ndiye bwana, kisharia huzaliwa huru, nasaba yake ni ya baba, na hurithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama mwenyewe akishazaa haruhusiwi kuuzwa, na bwana akifa, yeye huwa huru. Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail, alikuwa mjakazi, na Mtume wetu ni wa kizazi chake. Hapo Unguja, Sayyid Said bin Sultan alipofariki 1856, watoto aliowaacha hai wote mama zao walikuwa masuria, na kutoka kwao wakapatikana masultani wa Unguja na wa Oman. Amri ya 1897 ya kufuta utumwa iliwaacha masuria nje mpaka 1909. Kwa hiyo nyumba nyingi za kwetu zina bibi kama huyo, wanaosema na wasiosema.

Basi muandike. Mkijua alikuwa Mnyasa au Mhabeshi, liongezeni na hilo, huenda wako jamaa wa upande wake. Neno "suria" likiwachoma wazee, kwenye nakala ya grupu andika "mama yake fulani" yatosha, na daftari la babu libaki kama lilivyo. Kujifakharisha kwa nasaba na kutia kasoro nasaba za watu, Mtume ameyataja pamoja katika mambo ya kijahiliya yatakayobaki katika umma huu (Muslim). Ajabu ni kwamba anayeona haya ya bibi huyo ndiye huyohuyo anayetaka ukoo upandishwe hadi Hadhramaut au Nizwa, huko Uarabuni!

Mtoto wa shangazi ni suala jingine. Yeye yu hai na siri ni yake. Muandike kwa mama yake, usikisie baba, wala usiweke alama ya kuuliza, maana alama hiyo husomwa kama tuhuma, na anayemtuhumu mwanamke zinaa bila ya mashahidi wanne Qur'ani imempangia fimbo 80 (Nur, aya ya 4). Na kwa walio hai wote, ziondoe tarehe za ndoa, talaka na kuzaliwa. Tarehe ya harusi ikikaa karibu na ya mtoto wa kwanza, watu hawakosi kuhesabu miezi, na kinachotumwa grupuni leo kesho kiko kwa jirani.

Vipimo mwambie binamu aviache. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, 2002, limekataza kupima ili kuhakiki nasaba iliyokwisha thibiti.

Nakuongezea ambalo hukuuliza. Madaftari mengi hayaandiki nani alimnyonyesha nani, na Mtume amesema kinachoharamika kwa nasaba huharamika kwa kunyonya. Kwa Shafii ni mara tano kabla ya miaka miwili. Kwa Hanafi na Maliki hata mara moja yatosha. Kwenu binamu huoana, basi waulize bibi zako wangali hai, uweke safu yake daftarini.

Wallahu aalam.