Uliza Mwalimu: Kuza kidogo, utaona zaidi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimenunua darubini yangu ya kwanza. Kioo cha mbele ni milimita 70, urefu wa fokasi milimita 700. Boksi limeandikwa kwamba inakuza mara 525. Nimeielekeza kwenye Mshitarii, nikaona doa la ukungu linalotetema, halafu likapotea. Je, nimeuziwa kifaa kibovu?

Jibu: Marahaba. Darubini yako ni nzima, ila boksi limekuahidi makubwa. Chukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kioo cha mbele hadi pale mwanga unapokutana, ugawe kwa ule wa lenzi ndogo unayochungulia. Lenzi ya milimita 25 inakuza mara 28, ya 10 inakuza mara 70, ya 4 mara 175. Juu ya hiyo ya mwisho wamepachika lenzi ya Barlow, yaani lenzi ya nyongeza inayozidisha ukuzaji, ya mara tatu, ndipo wakaipata 525 yao. Hesabu ni sahihi, lakini mwanga hautoshi. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na kioo cha milimita 70 hukusanya kiasi chake tu. Ukitoka mara 28 ukaenda 525, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi kwa mara 350 hivi. Lazima uone ukungu! Watazamaji wa anga huhesabu ukomo wa kukuza kuwa mara mbili kwa kila milimita ya kioo cha mbele. Kwako ni 140, tena usiku ambao hewa imetulia kabisa.

Kwa hiyo Barlow na ile ya milimita 4 ziweke kando. Kila kitu kianze na lenzi ya 25, na ukishakipata katikati ndipo uhamie kwenye ya 10.

Sasa kile kidarubini cha kulengea kilichokaa juu ya bomba. Wengi hukiacha kama kilivyotoka kiwandani, kisha hupapasa angani bila kupata chochote. Kirekebishe mchana, jua likiwa upande mwingine kabisa. Elekeza darubini kwenye kitu kilicho mbali sana, kwa mfano ncha ya mnara. Iweke ncha hiyo katikati kwa lenzi ya 25, kaza stendi, halafu zungusha skrubu za kidarubini taratibu mpaka msalaba wake ukae kwenye ncha ileile. Usishangae mnara ukionekana umepinduka. Angani hakuna juu wala chini.

Mshitarii haukukimbia kwa sababu ya mkono wako. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na darubini inakuza mwendo huo pia. Kwa mara 70 sayari hukatiza duara la lenzi kwa dakika mbili hadi tatu; kwa 525 hata nusu dakika haifiki. Kuhusu kutetema, usiirefushe miguu ya stendi mpaka mwisho, ning'iniza kitu kizito katikati yake, na ukishaweka fokasi ondoa mkono, usubiri picha itulie.

Ukifanya hivyo, kwa mara 28 tu utaona nukta hadi nne zimejipanga karibu mstari mmoja na sayari. Ni Io, Europa, Ganymede na Callisto, miezi ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini ya kukuza mara 20 hivi, kioo chake kikiwa kidogo kuliko chako. Chora zilivyokaa, urudi kesho. Io huzunguka Mshitarii kwa saa 42 tu, kwa hiyo mchoro wa kesho hautafanana na wa leo. Ukihesabu tatu, usidhani umekosea. Mmoja huenda uko nyuma ya sayari, au unapita mbele yake. Mimi kwangu hakuna kitu angani kinachomshika mtazamaji mpya kama miezi hiyo.

Swali: Mwalimu, binti yangu ana miaka tisa. Tulimwonyesha mwezi mpevu, akasema unawaka tu, hauna kitu. Nyota nazo zimebaki nukta zilezile. Tumwonyeshe nini ili asikate tamaa?

Jibu: Mama, binti yako ana jicho zuri, amesema kweli. Mwezi mpevu unapigwa na jua usoni moja kwa moja, kwa hiyo vivuli havipo, na bila vivuli milima na mabonde havionekani. Msubiri mwezi uandame, ukaribie nusu. Mwambie atazame mstari unaotenga mwanga na giza. Hapo kila ukingo wa kreta, yaani shimo la duara, una kivuli kirefu, na ndani ya giza ataona vijinukta vya mwanga vimesimama peke yake. Hivyo ni vilele vya milima ambavyo jua limevifikia wakati mabonde yake bado ni usiku. Arudi baada ya saa moja aone kama vimekua. Siku moja au mbili baada ya nusu ya kwanza, mtafutieni kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93.

Nyota zitabaki nukta kwa darubini yoyote ya nyumbani. Hata Proxima Centauri, iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha Jua, iko miaka ya nuru 4.2. Lakini kuna nukta zinazogawanyika. Albireo kwa jicho ni nyota moja. Kwa mara 28 ni mbili, moja ya dhahabu, moja ya buluu. Kilimia nacho, badala ya nyota sita au saba, kinajaza lenzi. Zohali mwonyesheni kwa mara 70. Mwaka 2025 pete zake zilitugeuzia ukingo zikawa nyembamba kama uzi, na sasa zinafunguka tena taratibu.

Kabla ya vitu hafifu kama nebula ya Orioni, yaani wingu la gesi na vumbi angani, kaeni gizani dakika 20 au 30, simu zikiwa zimezimwa, tochi iwe nyekundu. Mwambie asiikodolee macho, atazame pembeni yake kidogo. Ataiona ya kijivu, wala si kama kwenye picha, na ni vizuri ajue mapema.

Swali: Ndani ya boksi kuna kichujio kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, kimeandikwa "Jua". Ni salama?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kinakaa pale ambapo joto lote limekusanyika, na kinaweza kupasuka ghafla jicho likiwa hapo. Kivunje leo hii. Kichujio cha kutazamia jua hufunika kioo cha mbele chote, kimetengenezwa kwa kazi hiyo, na hukaguliwa kila mara kama kina tundu au mkwaruzo. Kidarubini cha kulengea nacho kifunike au kiondoe, na mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana.