Mkoba wa Safari kwa Kibodi ya Egonomia: Anza na Uzito, Kitambaa Baadaye

Mtu anayeandika kwa saa nyingi kila siku, akiwa amezoea kibodi ya egonomia (iliyoundwa kufuata mkao wa asili wa mikono), hasa ile iliyogawanywa vipande viwili ili kila mkono ukae sambamba na bega lake, hairudii kwa hiari kibodi ya kompyuta mpakato anapokuwa safarini. Kwa hiyo kibodi husafiri naye, na hapo ndipo suala la mkoba linapoibuka. Madukani Kampala mikoba ya kompyuta imejaa tele, lakini uliokatwa kwa umbo la kibodi hizi sijaukuta, na sioni sababu ya kuagiza kutoka ng'ambo ilhali mafundi cherehani wa mtaa wa Kiyembe, hapa hapa mjini, wapo. Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Kampala na Gulu kwa basi, na ninayoyaeleza hapa yanatokana na mkoba niliomchorea fundi mmoja akaushona.

Wengi wanaoanza kubuni mkoba wa aina hii hufikiria kuanguka. Kuanguka hutokea, lakini kwa nadra. Kukandamizwa hutokea karibu kila safari. Katika taksi ya abiria 14, begi hukaa magotini likibanwa na mzigo wa jirani, na ndani ya basi huwekwa kwenye rafu ya juu, kisha abiria mwingine akalisukumia la kwake juu yake. Uzito huo ukivifikia vitufe, huvishusha na kuvishikilia chini. Swichi, yaani kijisehemu kilicho chini ya kila kitufe, ikiwa ya aina ya Cherry MX hushuka milimita 4 tu, na baada ya hapo mzigo wote hubebwa na shina dogo la plastiki pamoja na ubao wa saketi ulio chini yake. Kwa kibodi isiyotumia waya kuna hasara ya ziada, kwani kitufe kinapobonyezwa huiamsha kibodi iliyokuwa imejizima, na unaweza kufika mwisho wa safari ukakuta betri imekwisha. Izime kwa swichi yake ya umeme kabla ya kufunga zipu, hata kama mkoba wako ni imara.

Kutokana na hayo, mkoba laini peke yake hautoshi, hata uwe mnene kiasi gani. Neopreni, ule mpira laini unaotumika kwenye mifuko ya kompyuta, huzuia mikwaruzo, lakini mgandamizo hupenya moja kwa moja. Sponji ya godoro ni mbaya zaidi, kwa sababu hulala kabisa ikielemewa na hunyonya maji. Kinachohitajika ni uzito kupitia pembeni mwa kibodi bila kugusa vitufe: ukuta unaoizunguka, wenye kimo kinachozidi kile cha vitufe, na juu ya ukuta huo kifuniko kigumu.

Ili kupata kimo cha ukuta, weka kibodi juu ya meza tambarare, kunja miguu ya kuinamishia, pima kutoka mezani hadi kwenye kitufe kirefu kuliko vyote, kisha ongeza angalau milimita 5. Ukuta wenyewe niliutengeneza kwa sponji ngumu ya EVA, ile ya mikeka ya watoto inayounganishwa vipande vipande, nikaibandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya mafundi viatu. Acha gundi ikauke mpaka harufu iishe ndipo uingize kibodi, kwa kuwa vimumunyisho vyake vinaweza kudhuru plastiki. Upana wa ukuta usipungue sentimita 2, la sivyo utapinda kuelekea ndani ukielemewa.

Umbo ndilo linalohitaji subira zaidi. Kibodi hizi si za mstatili: sehemu ya vitufe vya kidole gumba hujitokeza, na safu za vitufe hupanda na kushuka kufuata urefu wa vidole. Chora mzunguko wa kila kipande kwenye kadibodi, cha kulia na cha kushoto, uikate, uijaribu, ndipo ukate sponji. Tundu libane kidogo ili kibodi isichezecheze, lakini acha pengo la kidole upande mmoja, vinginevyo utakuwa ukiitoa kwa kuvuta vifuniko vya vitufe. Karibu na soketi ya waya acha nafasi tupu. Waya usisafiri ukiwa umechomekwa, kwa maana soketi ndogo zilizogundishwa juu ya ubao hung'oka kwa urahisi. Ushonewe mfuko wake, nje ya ukuta. Na kama vipande vyako vimeunganishwa kwa waya wenye ncha ya duara kama ya spika za masikioni, chomoa kwanza waya wa USB, kwa sababu kuchomoa huo wa duara umeme ukiwa bado unapita kunaweza kuunguza saketi.

Kwa vifuniko, plastiki ya mabango yenye mifereji ndani ni nyepesi na haiogopi maji. Kasoro yake ni kwamba hupinda kirahisi kufuata mifereji. Gundisha mbili pamoja, mifereji ya moja ikikatiza ya nyingine, na utapata ubao mgumu ajabu. Vitufe vyako vikiwa vifupi, kama vya swichi za Kailh Choc, vipande viwili vinaweza kulala vikitazamana, ubao mmoja ukiwa katikati na mwingine kila upande, na mkoba ukafunguka kama kitabu. Vikiwa virefu, mpango huo hutoa kitu kinene mno. Heri vilale ubavu kwa ubavu, chini ya kifuniko kimoja. Kibodi ya kipande kimoja kama Kinesis Advantage2, yenye upana wa sentimita 42 hivi, hailingani na mkoba wa kushona hata kidogo. Itafutie sanduku gumu.

Nje nilichagua kanvasi nene. Lubugo, kitambaa chetu cha gome la mti wa mutuba, kingependeza sana, lakini hakipendi mvua wala kuvutwa, kwa hiyo nilikitumia kama kiraka cha pambo tu. Ndani weka bitana laini isiyotoa nyuzi. Kitambaa chenye manyoya huacha vumbi lake chini ya vitufe. Zipu ipite pande tatu na ifunikwe kwa pindo la kitambaa, kwa sababu vumbi jekundu la njia zisizo na lami ni jembamba na hupita kati ya meno ya zipu. Mwambie fundi atumie uzi wa poliesta na sindano nene, namba 16 au 18, na umpelekee kibodi yenyewe pamoja na vipimo.

Kabla ya kusafiri, tandika karatasi nyembamba juu ya vitufe, weka juu yake vijidonge vidogo vya udongo laini, funga mkoba, kisha ukalie. Vijidonge vikibonyea, ongeza tabaka moja la ukuta. Unapopitia uwanja wa ndege wa Entebbe, mkoba uwe kwenye mzigo wa mkononi ikiwa kibodi ina betri ya lithiamu, na zipu ya pande tatu itakuwezesha kuufungua wote mbele ya mkaguzi bila kuvitoa vipande.