Anko, huku nako umeme una foleni

Mpwa wangu anasoma uhandisi wa umeme hapo Dodoma, juzi kaniuliza kwenye grupu la familia, "anko, Marekani umeme haukatiki na kampuni yenu ina hela, sasa wanakulipa kwa kuongea tu na watu wa umeme? na mimi nije?" Najibu kwa urefu maana najua wengi nyumbani mnawaza hivyohivyo.

Anko, hela peke yake haileti umeme. Niko Loudoun, Virginia, hapa data senta, yale majengo makubwa ya kompyuta za intaneti kama ya kampuni yetu, zimejaa kuliko karibu popote duniani, na mwaka 2022 Dominion Energy, ndio kama TANESCO ya huku, waliwaambia wateja wa mashariki ya Loudoun kwamba laini kubwa zimeelemewa, miunganisho mipya isubiri. Mitambo ya kuzalisha ilikuwepo, kilichokosekana ni laini na substesheni, yaani vituo vya kupoza umeme, na laini haijengwi kwa mwezi mmoja, kuna vibali, kuna wenye ardhi wanaokataa, transfoma kubwa nazo unaagiza leo inakuja baada ya miaka.

Sasa kazi yangu ni kukaa na wale mainjinia wa shirika la umeme muda wote, nawaambia mwaka huu tutavuta megawati ngapi, mwaka kesho ngapi, na mradi ukichelewa nawaambia mapema kabla hawajatujengea bure. Kuna wateja wanaomba mara tatu ya wanachohitaji, tena kwa mashirika matatu tofauti ili wapate popote, hao mimi nawaona wanatuharibia wote, kwasababu shirika linajenga kwa makisio na yakiwa ya uongo anayelipa ni mama wa kawaida kwenye bili yake. Ndio maana mwaka 2025 wasimamizi wa umeme wa jimbo la Ohio waliamua data senta kubwa mpya inayounganishwa na shirika la AEP Ohio ilipie angalau 85% ya umeme ilioomba hata isipoutumia. Naiunga mkono kabisa, japo inatubana sisi.

Halafu hatari ipo pande zote. Julai 2024 hitilafu kwenye laini moja ya kV 230 huku ilifanya data senta kama 60 zihamie jenereta kwa mpigo, megawati 1,500 zikatoka kwenye gridi ghafla. Bwawa la Nyerere zima ni 2,115! Volteji ikapanda, waendesha gridi ikabidi wachukue hatua kuishusha. Toka hapo vikao vyetu vingi ni kuhusu setingi za UPS, zile betri zinazoshika umeme ukiyumba.

Kuhusu kuja, mshahara upo ila kodi ya nyumba inakula sehemu kubwa na simu ya saa nane usiku lazima upokee. Nisingekwambia uje sasa hivi. Omba fildi kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, komaa na protekshen na rilei, vile vifaa vinavyogundua hitilafu na kukata laini, uliza wanavyokadiria mzigo wa mji unaokua kama Dodoma na Mtumba yake, nitumie ripoti yako niisome, yakikushinda mahesabu nipigie jumapili nipo nyumbani.