Mgeni akiomba wimbo wa The Beatles

Wadogo zangu mnaoingia bendi za hoteli, hili hamtalikwepa: mzee mwenye mvi atanyanyua mkono katikati ya chakula cha jioni aombe wimbo wa The Beatles, ile bendi ya Waingereza wanne ya miaka ya sitini. Nimepiga besi hoteli za pwani miaka mingi, na mwanzoni nilidhani kazi yangu ni kukopi sahani ya santuri ilivyo, noti kwa noti. Ndipo nikaumbuka.

Ulikuwa "Yesterday". Wimbo mpole, kodi zake (noti zinazopigwa pamoja kwenye gitaa, si kodi za TRA) sote tulizijua, tukaupiga bila mazoezi. Kumbe ubeti wake una duru saba za mapigo manne manne, nasi tumezoea nane, kama nyimbo nyingi zilivyo. Nikawa naingoja duru ya nane ambayo haipo. Mwimbaji keshaingia ubeti wa pili, kinanda kinamfuata, mimi na mpiga dramsi tumebaki nyuma. Yule mzee akaweka uma chini, akawa anatutazama kama anayetazama jahazi likizama. Kwa hiyo kabla hujaupamba wimbo, uhesabu. Hesabu kwa mguu, kwa vidole, kwa punje za mahindi ukitaka.

Ukishauhesabu, usishindane na santuri. Mwaka 1965 Paul McCartney wa The Beatles alirekodi "Yesterday" kwa gitaa lake na wapigaji wanne wa violini, viola na selo. Sisi tuna kinanda kimoja kinachokwaruza. Kukilazimisha kitoe sauti ya violini ni kujidhalilisha.

Sikilizeni alichofanya mwimbaji Mwingereza Joe Cocker na wimbo wao "With a Little Help from My Friends". Mwaka 1967 Ringo Starr, mpiga dramsi wa The Beatles, aliuimba kwa hesabu ya mapigo manne, wimbo wa kutembea nao barabarani ukipiga mluzi. Mwaka uliofuata Cocker akaupunguza mwendo, akaugeuza hesabu ya mapigo matatu, akaweka kinanda cha kanisani na waitikiaji wa kike, ukawa kilio cha mtu anayeomba kuokolewa. Maneno karibu yaleyale, lakini ukafika namba moja Uingereza. Sasa fikirini: hesabu ya namna hiyo, mapigo madogo sita ndani ya makubwa mawili, ndiyo ya chakacha, ngoma yetu ya pwani. Watoto wa pwani tumeicheza harusini kabla hatujashika gitaa. Tulipoujaribu wimbo huo kwa mwendo wa chakacha, wahudumu waliacha kubeba sahani. Meneja hakufurahi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Si lazima ugeuze kila kitu. Mwaka 1969 Mmarekani Aretha Franklin alipoimba "Eleanor Rigby" ya The Beatles alibadilisha pia nafsi: badala ya kumsimulia yule mama mpweke, akasema mimi ndiye. Neno dogo tu, na hadithi nzima ikahamia kifuani mwa mwimbaji. Mwimbaji Mmarekani Wilson Pickett naye aliirekodi "Hey Jude" mwishoni mwa 1968, miezi michache tu baada ya The Beatles wenyewe kuitoa. Ubeti kauimba kwa adabu. Mwishoni akapiga ukelele, na gitaa la Duane Allman likamjibu. Wimbo wa dakika saba akaumaliza kwa kama nne.

Na msione aibu kupiga nyimbo za watu. Albamu ya kwanza ya The Beatles, ya 1963, ina nyimbo 14, na sita kati yake si utunzi wao. "Twist and Shout", ambayo wageni wataapa ni yao, ilikuwa imeshapigwa na kundi la Marekani la Isley Brothers mwaka mmoja kabla.

Tahadhari moja. Kubadilisha mwendo jukwaani hakuna atakayekugombeza. Kutafsiri maneno kwa Kiswahili kisha ukarekodi na kuuza, hapo unahitaji ruhusa ya mwenye haki za wimbo, hata kama tafsiri ni yako na ni tamu kuliko asali.

Kwa wiki ya kwanza anzeni na "Hey Jude", mkia wake hasa, yaani ile sehemu ya mwisho inayorudiwa. Kodi ni tatu zinazozunguka, wageni huuimba wenyewe mpaka jikoni wanaitikia, na mwimbaji wenu anapata nafasi ya kunywa maji.