Nakala ya Postgres inakatika usiku: nitumie sloti?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia hifadhidata ya SACCOS moja. Tunatumia PostgreSQL 14. Seva kuu iko Dar es Salaam, nakala yake, inayofuata kila badiliko, iko Dodoma, na katikati kuna laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Kila siku saa saba usiku mfumo unapoanza kukokotoa riba, nakala inabaki nyuma, lakini alfajiri nakuta imeshafika. Mara tatu sasa imekatika kabisa: usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti, 1 Septemba na 1 Oktoba. Logi inasema kipande cha WAL (daftari la mabadiliko ambalo nakala hulifuata) kinachoombwa kimeshaondolewa. Kila mara nafuta data yote ya Dodoma na kuijenga upya, GB 200, karibu siku mbili. wal_keep_size, yaani akiba ya WAL ya zamani kwenye seva kuu, nimeiweka GB 8. Wenzangu wanasema dawa ni sloti, yaani alama kwenye seva kuu inayoitunzia nakala WAL yake. Ni kweli? Halafu kila Jumapili kengele inalia kwamba nakala imechelewa kwa muda wa saa tisa, nikiangalia data ziko sawa. Hiyo nayo ni nini?

JIBU: Pole kwa usiku huo wote. Kabla ya sloti, hebu zitazame tena tarehe ulizoniandikia. Zote ni siku ya kufunga mwezi. Nakala yako si mbovu, inazidiwa tu, na siku hiyo mzigo unapita akiba uliyoiwekea.

Tupige hesabu. Megabiti 10 kwa sekunde, laini ikiwa ni yako peke yako, ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, yaani GB 4.5 kwa saa. Tuseme kazi ya riba inachukua saa mbili na kuzalisha GB 15 za WAL. Laini imevusha 9, deni ni 6. Akiba ya GB 8 inalibeba deni hilo, na kwa muda wa saa moja na dakika ishirini hivi nakala imelimaliza. Ndiyo alfajiri yako njema. Mwisho wa mwezi yanaongezeka makato na taarifa za wanachama, tuseme inafika GB 25 kwa saa zile zile mbili. Laini imevusha 9 zake, deni ni 16. Seva kuu haijui kwamba Dodoma bado inasubiri. Chekipointi (pale Postgres inapomaliza kuhamishia mabadiliko kwenye faili za data) ikipita, vipande vya zamani, MB 16 kila kimoja, vinafutwa au vinatumika upya. Dodoma inaomba kipande, haikipati, inakwama.

Hizo GB 15 na 25 ni za kwangu, wewe pima zako. Andika jibu la pg_current_wal_lsn(), yaani mahali WAL ilipofikia, kabla ya kazi ya riba na baada yake, kisha toa tofauti kwa pg_wal_lsn_diff(). Fanya hivyo usiku wa kawaida na usiku wa kufunga mwezi. Wakati kazi inaendelea, fungua pg_stat_replication kwenye seva kuu usome safu zake kama vituo vya basi. Pengo likiwa kati ya pg_current_wal_lsn() na sent_lsn, mzigo haujatoka Dar: ni laini. Likiwa kati ya sent_lsn na flush_lsn, uko njiani au diski ya Dodoma ni nzito. Likiwa kati ya flush_lsn na replay_lsn, mzigo umefika lakini haujapakuliwa, na mara nyingi mkosaji ni ripoti ndefu inayoendeshwa kwenye nakala. Hapo angalia max_standby_streaming_delay, muda ambao nakala huisubiri ripoti kama hiyo, ambao kwa kawaida ni sekunde 30, kama kuna mtu aliupandisha. Kwa maelezo yako naweka dau kwenye laini.

Sasa, watu wengi hapa hukimbilia kuomba laini kubwa. Mimi ningeanza kwa kupunguza mzigo wenyewe, maana Postgres ina tabia moja inayotafuna laini bila watu kujua. Baada ya kila chekipointi, ukurasa wowote ukiguswa kwa mara ya kwanza huandikwa mzima kwenye WAL, kilobaiti 8 zote, hata kama umebadilisha tarakimu moja. Chekipointi kwa kawaida huja kila dakika 5, na huja mapema zaidi WAL ikikaribia max_wal_size, ambayo ni GB 1 usipoigusa. Kwenye kazi kama yako zinafuatana mfululizo na kurasa zile zile zinaandikwa nzima tena na tena. Pandisha max_wal_size, tuseme GB 16 kama diski inaruhusu, na checkpoint_timeout iwe dakika 30. Washa wal_compression, ibane kurasa hizo. Gharama yake: seva ikizima ghafla itachukua muda mrefu zaidi kuamka, na CPU itafanya kazi kidogo zaidi. Kwa SACCOS naona ni biashara nzuri.

Kisha kaa na waliouandika mfumo. Nimeshakuta zaidi ya mara moja amri ya UPDATE inayogusa akaunti zote, hata zile ambazo salio la riba halibadiliki. Postgres haiulizi kama thamani mpya ni sawa na ya zamani, inaandika toleo jipya la rekodi tu. Sharti moja kwenye WHERE, la kuacha zisizobadilika, linaweza kukuokolea gigabaiti nyingi kila usiku bila kununua kitu.

Sloti? Inasaidia, lakini wenzako wamekuambia nusu ya habari. Sloti inaiambia seva kuu isitupe kipande ambacho nakala haijakipokea. Haiwekewi kikomo usipokiweka mwenyewe. Miaka ya nyuma niliondoa nakala ya majaribio nikasahau sloti yake. Ilikaa wiki kadhaa ikikusanya WAL ya nakala isiyokuwepo, hadi Jumamosi moja diski ya seva kuu ilipojaa na Postgres ikagoma. Mwenzangu alikuwa ameshaandika amri ya kufuta faili ndani ya pg_wal, nilimshika mkono. Usifute humo kwa mkono kamwe. Tuliongeza nafasi kidogo kwenye diski, seva ikaamka, tukaondoa sloti kwa pg_drop_replication_slot(), na chekipointi ikasafisha yenyewe. Kwa hiyo tumia sloti, lakini weka max_slot_wal_keep_size, kwako labda GB 40, na uitazame wal_status kwenye pg_replication_slots. Ikisoma unreserved, uko ukingoni. Ikisoma lost, sloti hiyo imeshakufa.

Kinachokufaa zaidi ya sloti ni kumbukumbu ya WAL mahali pa tatu: archive_command kwenye seva kuu, restore_command kwenye nakala. Dodoma ikikuta kipande hakipo Dar, inakichukua huko na kuendelea. Kukatika kwa namna hii hakutakulazimisha kujenga upya tena.

Ukilazimika kujenga upya, nina mawili. GB 200 kwenye laini yako ni saa 44. Diski yenye nakala ya data, iliyofungwa kwa nywila, ndani ya begi, kwenye treni ya SGR, inafika Dodoma siku hiyo hiyo. WAL ya saa hizo itatoka kwenye kumbukumbu. La pili ni hicho kitendo chako cha "kufuta data yote". Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa programu, alikuwa akihangaika usiku na nakala ya Postgres iliyokatika kama yako. Akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye nakala, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipositisha, kati ya GB 300 hivi zilibaki 4.5. Waliokolewa na picha ya diski iliyopigwa saa sita kabla, na wenyewe walilieleza hadharani. Andika hostname kwanza, usome jibu kwa sauti, kisha hamisha folda kwa mv badala ya kuifuta. Utaifuta nakala mpya ikishasimama.

Na kengele ya Jumapili: bila shaka inatoa pg_last_xact_replay_timestamp() kwenye saa ya sasa. Hiyo inapima muda tangu muamala wa mwisho uliofika Dodoma ulipofanyika Dar, na Jumapili hakuna anayeweka wala kutoa pesa. Kwenye nakala, linganisha kwanza pg_last_wal_receive_lsn() na pg_last_wal_replay_lsn(). Zikiwa sawa, kengele inyamaze. Ila zinaweza kuwa sawa pia laini ikiwa imekatika, kwa hiyo weka kengele ya pili kwenye seva kuu, ilie Dodoma ikitoweka kwenye pg_stat_replication.